Picha Moja ya Mama Chiza

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya sungura kuvaa suruali, ni zamani ya juzi tu ambayo wenyewe wapo na wanatembea, palikuwa na mama aliyeuficha uso wake miaka kumi na tisa. Hakuwa na kovu usoni. Hakuwa mchawi, wala hakumtoroka mume. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Nitaisimulia mara moja. Nikimaliza nitawauliza swali, na atakayejibu "wote" nitamtuma akateke maji, maana "wote" ni jibu la mvivu.

Jina lake Habonimana, lakini kambi nzima ya Msendela ilimwita Mama Chiza. Kwa watu wetu, Chiza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe, Bukuru na Butoyi, walichukuliwa na surua wakiwa wachanga. Baba yao alichukuliwa na vita. Akabaki Chiza peke yake, msichana wa miaka minne, nywele zimesukwa vifundo vitatu utosini, jino la mbele hana kwa sababu ya kuruka ruka, na kazi yake ni kucheka. Chini ya goti la kushoto alikuwa na kovu la nusu mwezi, kwa kuwa siku moja aliangukia chungu cha maharage kikiwa bado jikoni.

Vita vilipofika kijijini, mama alimbeba mtoto akakimbia na wenzake hadi mtoni. Ng'ambo ndiko kulikokuwa na amani. Watu walikuwa wamefunga kamba kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na kila mtu alivuka ameishika. Maji yalipomfika kifuani, mama akamwinua mwanawe, akampa mwanamume mrefu aliyekuwa mbele yake. Akamwambia mtoto, "Tangulia, mwanangu. Nakuja." Kamba ikakatika nyuma ya yule mwanamume. Mtoto akafika ng'ambo. Mama akachukuliwa na maji, akatupwa mbali huko chini, akavunjika mguu, akauguzwa na wakulima wa mpunga wiki tatu nzima.

Sasa wanaingia watu watatu. Lakini kabla sijawataja, lazima niwaambie jinsi ulimwengu ulivyozoea kututazama sisi watu wa kukimbia, maana na mimi nimevuka mto ule.

Bibi yangu alikimbia vita vya zamani kabisa, na mzungu mmoja wa misheni akawachora kwa penseli wakiwa njiani. Ile karatasi nimeiona. Ni mgongo na mzigo, mgongo na mzigo, mpaka njia inaisha. Bibi alikuwa akisema mgongo wa saba ni wake, na dada yake naye aliudai huo huo wa saba, wakanuniana mpaka uzee. Vikaja vita vya mama yangu. Wakatugeuza, wakatupiga picha kwa mbele, lakini kwa sharti la machozi. Vita vya juzi wamekuja na vidude vinavyoruka, wakatupiga kutoka juu, sisi na mahema yetu, tukaonekana kama mchele uliomwagika uwanjani. Mgongo, machozi, utosi. Na kote huko, aliyeuliza jina simjui.

Wa kwanza ni Kassian Mbelwa, mpiga picha wa gazeti. Yeye alikuja katika ule wakati wa machozi. Mhariri wake alikuwa amemwambia waziwazi, "Usiniletee mkimbizi anayetafuna." Basi Kassian akafika Msendela, akakuta nini? Wanawake wanataniana kwenye foleni ya maji. Wanaume wanaibiana kete za bao. Na juu ya ndoo iliyopinduliwa amekaa Chiza, matope hadi masikioni, vifundo vitatu utosini, anatafuna muwa aliopewa na mwanamke wa kijiji jirani, na anacheka.

Kassian akainua kamera, akaishusha. Akamwendea mtoto, akamnyang'anya muwa. Mtoto akaachama kulia, pengo lote likaonekana. Kassian akabonyeza. Kisha akamrudishia muwa wake na kipande cha mkate juu, akaenda zake. Hakuuliza jina.

Picha ikatoka ukurasa wa mbele, imekatwa kifuani, na chini yake maneno: Yatima wa Mto. Ikatembea dunia. Ikawekwa kwenye kalenda, ikabandikwa makanisani na misikitini, watu wakaitazama wakatoa machozi. Walikuwa wanalilia muwa, ndugu zangu, na hawakujua. Lakini mablanketi yakaja, malori kumi na mawili, na mimi mwenyewe nimelala ndani ya moja ya mablanketi hayo mpaka likawa nyuzi.

Kassian alifanya vizuri? Alifanya. Alifanya vibaya? Alifanya. Subirini.

Wa pili ni Theofrida, nesi wa kambi, mwanamke mkali asiyejua kazi ya nusu nusu. Aliletewa watoto arobaini na mmoja waliovuka bila watu wao, wote wana chawa. Akawanyoa. Akawaogesha. Akachoma nguo zao, akawavika fulana nyeupe. Halafu akawasimamisha mbele ya turubai la bluu akawapiga picha mmoja mmoja. "Tulia. Funga mdomo. Usicheke." Picha za ofisi hazitaki meno.

Nesi huyu aliuliza jina. Tumpe haki yake. Aliinama mpaka magoti yakagusa chini, akauliza kwa Kiswahili, akauliza na kwa lugha yetu, aliyojifunza ukubwani. Lakini Chiza alikuwa amenyang'anywa muwa Jumatatu na nywele Jumanne, na Jumatano alikuwa haongei na mtu mzima yeyote. Nesi akampa namba, thelathini na mbili. Nyuma ya kadi akaandika alichokiona: msichana, miaka minne hivi, kovu la nusu mwezi chini ya goti la kushoto.

Picha zikabandikwa kwenye ubao langoni, na kanuni ikawa hii: ubaoni kwanza, hemani baadaye. Kanuni haikuwa mbaya. Kabla yake walikuja watu wakajifanya wazazi, wakaondoka na watoto wasio wao wakawachungishe mbuzi. Kwa hiyo mzazi alitakiwa aoneshe uso wa mwanawe ubaoni, kisha ataje alama ya mwili, kisha ndipo aingie hema la watoto. Alama haikuulizwa kwanza, wasije waongo wakafundishwa.

Wiki ya nne akaja mama, anatembelea fimbo.

"Nesi, naomba niingie hemani nitazame tu. Sitagusa mtu."

"Pole, mama. Ubaoni kwanza. Ukimwona, nakupeleka mwenyewe kwa mkono."

"Wangu ana vifundo vitatu utosini."

"Hapa wote wamenyolewa, mama."

"Wangu anacheka. Ana pengo hapa."

"Tazama vizuri. Usiwe na haraka."

Alitazama vizuri. Aliona vichwa arobaini na kimoja vya upara na midomo arobaini na mmoja iliyofungwa. Alikuwa anatafuta mtoto mchafu anayecheka, na pale ubaoni hapakuwa na mchafu wala anayecheka. Alipita mara tisa kwa siku mbili. Mara ya tisa alisimama mbele ya namba thelathini na mbili, akagusa ile picha kwa kidole, akasema, "Na huyu maskini, sijui mama yake yuko wapi." Akaondoka kwenda kutafuta kambi nyingine. Kutoka ubaoni hadi hemani ni hatua arobaini. Nimezihesabu.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini hakutaja kovu? Nami nilimuuliza. Aliniambia, "Mwanangu nilikuwa namjua kwa uso. Kovu lilikuwa jambo la jikoni, nilishalisahau." Basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, msimhukumu.

Wiki ile ile akafika mwalimu mmoja wa Tabora, Mwalimu Sabina, hana mtoto, na ukurasa wa gazeti umo kwenye mkoba wake. Gazeti lilisema yatima, naye aliamini gazeti. Theofrida alimwonesha watoto, Sabina akautambua uso ule wa kilio hata baada ya mtoto kunyolewa, maana mtoto alipoona mgeni alianza tena. Karatasi zikasainiwa. Chiza akaenda Tabora, akaitwa Tunu, akalelewa kama yai. Mwalimu Sabina simwingizi kwenye kesi hii. Alilea vizuri, na amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema.

Mama alizunguka kambi zote mwaka mzima, akarudi Msendela, akajenga kibanda, akakaa. Na wapiga picha hawakuacha kuja. "Mama, shika bakuli. Hapana, tupu. Mama, usitabasamu, tazama kule mbali." Yeye akawa anavuta kitenge anafunika uso wote. Wakamwuliza ana nini. Akawajibu neno ambalo kambi nzima iliishia kulijua kwa moyo:

"Uso wangu una mwenyewe. Siku nikimpata mwanangu, nitakaa naye mkekani, nitaufunua, tutapigwa picha moja. Moja tu. Nataka watu waone mtu aliyepata. Waliopoteza mnao wengi."

Miaka ikapita hivyo, kumi, kumi na tano, kumi na tisa. Sisi tulimwona uso akiwa anapika na akiwa anacheka, na anacheka sana mama yule. Kamera ikitokea, kitenge kinashuka.

Wa tatu ni Esperansi, fundi cherehani, aliyevuka mto ule akiwa mgongoni kwa mama yake. Huyu alikuwa na simu, na alikuwa na hasira. "Wao wametupiga mgongo, machozi na utosi," alisema. "Mimi nitapiga tunavyokula." Akawa anarekodi arusi, ugomvi wa bombani, mzee aliyenunua viatu vipya akawa anakanyaga kwa kunyata. Kila aliyemrekodi alimuuliza jina, jina la baba, na kijiji. Akaja kwa Mama Chiza.

"Shikamoo, mama. Naomba nikurekodi."

"Marahaba. Uso sitoi, binti yangu, wewe unajua."

"Uso sitaki. Nipe mikono na sauti."

"Na itafika wapi?"

"Haitavuka lango la kambi. Naapa kwa marehemu mama."

Mama akakubali. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Simu ikatazama mikono, naye akawa anaongea juu ya Chiza, vifundo, pengo, kucheka. Na maharage yale mkononi yakamkumbusha jambo. Akaacha kidogo kuchambua. "Unajua aliwahi kuangukia chungu," akasema. "Ana kovu hapa, chini ya goti la kushoto. Nusu mwezi. Mbona nilisahau?" Ni mara ya kwanza kulitaja kwa miaka kumi na tisa, na sauti yake pale, ukiisikia, unaweka chini ulichoshika.

Esperansi alikaa na rekodi ile siku tatu. Siku ya nne akaivusha lango. Aliituma kwa watu hamsini, nao hamsini wakawa laki nne.

Sasa angalieni kilichotokea. Wakaja wasichana. Wa kwanza ana kovu, mama akakimbia mpaka langoni na fimbo ikabaki njiani. Si yeye. Wa pili ana kovu. Si yeye. Vita vile viliwaachia wengi makovu na viliwaacha wengi bila mama, na kila mmoja alikuja na matumaini yake. Mmoja kovu lake lilikuwa bado bichi, na huyo ndiye aliyenitoa machozi, kwa sababu mtu hajikati mwenyewe bila shida kubwa ya kutaka kuitwa mwanangu. Kufika wa tano mama hakukimbia tena. Kufika wa kumi na moja alimwita Esperansi, akamwambia bila kupaza sauti, "Mwanangu nilimpoteza mara moja. Wewe umenipotezea mara kumi na moja."

Wa kumi na mbili alikuwa Tunu wa Tabora.

Alikuja na mumewe, na kwenye bahasha ukurasa wa gazeti uliochakaa. Mama hakuwa amewahi kuuona ukurasa ule, kwa vile alikuwa hazitazami picha za wakimbizi. Akautazama. Akakaa chini.

"Huyu ni Chiza. Vifundo hivi nimesuka mimi." Kisha akamtazama mwanamke mzima aliyesimama mbele yake. "Na wewe ni nani?"

"Mama aliyenilea aliniambia huyo ni mimi."

"Mwanangu, gazeti hata mimi naweza kuliokota. Nimechoka."

Tunu akavuta sketi, akaonesha goti. Mama hakulitazama. Alikuwa ameshaonyeshwa magoti kumi na moja.

Esperansi, aliyekuwa na lake moyoni, akapanda baiskeli akaenda kijiji cha tatu kumtafuta Nesi Theofrida, aliyekwisha kustaafu. Nesi akashusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati. Ofisi ya watoto ilipofungwa aliamriwa achome kadi zote, akakataa. Akakaa nazo arobaini na moja, miaka yote ile, na kila mwaka alizipangusa vumbi moja moja. Wakaja na kadi namba thelathini na mbili. Mtoto wa upara, kovu la nusu mwezi, amechukuliwa na Mwalimu Sabina wa Tabora, na saini. Tunu akatoa karatasi za Sabina, saini ni ile ile. Basi Tunu ni namba thelathini na mbili, hilo halina ubishi.

Mama akaitazama picha ya upara. "Huyu simjui," akasema. Mara ya kumi.

Hapo ndipo alipofika Kassian, mzee sasa, mvi kichwa kizima. Naye alikuwa ameiona mikono na kuisikia sauti kwenye simu ya mjukuu wake, na neno kovu lilimnyima raha. Gazeti lilikata picha kifuani, lakini mkanda wa picha aliutunza. Akaisafisha picha nzima, akaileta. Mtoto yuleyule, vifundo vitatu, pengo, muwa haupo mkononi. Na chini, juu ya ndoo, mguu wa kushoto umekunjwa, na chini ya goti nusu mwezi, wazi kabisa.

Uso wa gazeti na kovu la kadi vikakutana juu ya mtoto mmoja. Mama akapiga magoti, akalipapasa goti la yule mwanamke mzima, akapapasa kovu mwanzo hadi mwisho. "Nilikwambia nakuja," akasema. "Nimekawia, mwanangu." Chiza akainama akamshika mabega. Kambi nzima ililia, na hapakuwa na mtu wa kutunyang'anya muwa.

Mngetaka niishie hapa, sivyo? Siishii hapa.

Amani ilikuwa imerudi nyumbani na kambi ilikuwa inafungwa. Jina la Mama Chiza lilikuwa kwenye orodha ya lori la Alhamisi. Chiza ana mume na kazi Tabora, mimba miezi saba, haendi naye. Jumatano mkeka ukatandikwa mbele ya kibanda. Mama akakaa, kitenge usoni. Chiza akakaa kando yake, bega kwa bega. Ikabaki picha moja, na mtu wa kuipiga.

Wakasimama watatu. Kassian na kamera yake ya zamani ya mkanda, Theofrida na kamera aliyoagwa nayo ofisini, Esperansi na simu.

Kassian akasema, "Mimi nilimwona kwanza. Uso wake wa kweli, na matope yake na vifundo vyake, uko kwangu peke yangu. Bila picha yangu mama angekufa anatazama upara. Na mablanketi je, yaliletwa na nani?"

Theofrida akamkata. "Ulimwona, au ulimliza? Nilikuwa mlangoni pa chumba cha dawa, nilikuona ukimpora mtoto muwa. Ukamwandika yatima mama yake akiwa hai. Ungeandika 'mtoto aliyepotea', Sabina asingemchukua. Mimi niliuliza jina. Mimi nilitunza kadi walipotaka nizichome. Bila kadi, huyu angekuwa msichana wa kumi na mbili na basi."

"Nesi, nakuheshimu," akasema Esperansi, "lakini mama alikuomba aingie hemani atazame tu. Hatua arobaini. Ulimfanya mtoto asifanane na nafsi yake, halafu ukamtaka mama amtambue. Ninyi wawili mlikaa na picha zenu kwenye sanduku na bati miaka kumi na tisa. Aliyewatoa huko ni mimi, na sikuhitaji machozi ya mtu wala namba."

Kassian akacheka kidogo. "Ulihitaji kiapo, binti. Uliapa kwa marehemu mama yako, ukakivunja siku ya nne. Mimi niliiba muwa nikaurudisha. Wewe uliiba neno la mtu mzima, nalo halirudi. Kawaulize wale kumi na mmoja walirudije kwao."

Theofrida akamgeukia mama. "Mama Chiza, nilikukosea. Nakiri mbele ya watu. Kanuni ilikuwa nzuri na mimi niliitumia vibaya. Lakini naomba nikupige picha ukiwa unacheka, maana nilimkataza mwanao kucheka."

Esperansi akasema, "Na mimi nakiri. Lakini bila dhambi yangu ile, leo hapa pasingekuwa na mkeka."

Kassian hakukiri. Alisema tu, "Picha ile nimeitazama kila siku. Nimezeeka nayo. Najua nilichofanya kuliko ninyi wote." Na mimi, kusema kweli, sikujua nimwonee huruma au nimtupie kiatu. Mgala muue na haki yake mpe.

Sasa ninyi wajanja wa nyuma nawaona. Mnataka kusema simu iwekwe juu ya kigoda ijipige yenyewe. Esperansi alilisema hilo. Mama akakataa: "Nimekaa na uso huu miaka kumi na tisa, siufunulii kigoda. Nataka kutazamwa na mtu." Mnataka kusema wapige wote watatu, moja moja. Mama alisema moja, na mama yule neno lake ni moja. Mnataka kusema ampe jirani yeyote. Chiza alikataa: "Mmoja wa hawa. Wao ndio waliotuona, wao wamalizie."

Na mnataka kusema picha si kitu, wameshapatana, waache. Aliyesema hivyo ni mume wa Chiza, naye alijibiwa na mkewe. "Nina picha mbili za utoto wangu," alisema. "Moja ninalia, moja nimefungwa mdomo. Katika zote mbili sina mama. Mtoto huyu atakapozaliwa, bibi yake atakuwa ng'ambo. Nimwoneshe nini?"

Mume akasogea kando ya mkeka.

Wale watatu walisimama mbele ya mkeka, kila mmoja na chombo chake mkononi, kila mmoja na wema wake na kosa lake. Mama akainua mkono kutoka ndani ya kitenge, akashika upindo.

"Wawili wenu wageuke," akasema. "Wasiuone."

Mimi nilikuwepo. Najua waliogeuka na najua aliyebaki, na siwaambii, kwa sababu mkishajua mtaacha kufikiri. Waliogeuka walitazama ukuta wa udongo wa kibanda, na nyuma yao wakamsikia mama na mwanawe wanacheka.

Basi semeni, na kila mtu aseme kwa nini: kati ya aliyemliza mtoto akautunza uso wake, aliyemnyoa mtoto akaitunza kadi yake, na aliyevunja kiapo akamrudisha nyumbani, je, nani alistahili kubaki ameutazama uso wa Mama Chiza?